Birika Nyuma ya Nailoni: Siku Serikali Zilipoamua Kipi ni Muhimu

Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba 2020, mtu aliyeingia supamaketi huko Wales kununua mkate na maziwa alikuta mambo mapya. Baadhi ya njia kati ya shelfu zilikuwa zimezibwa. Nguo, vifaa vya umeme, vitu vya kuchezea watoto, mashuka na vyombo vya nyumbani, vyote vilikuwa vimefunikwa kwa nailoni, na juu yake matangazo yakieleza kwamba haviuzwi kwa sasa. Majani ya chai yalikuwepo, chukua utakavyo. Birika la kuchemshia maji ya hiyo chai nalo lilikuwepo, unaliona kabisa kupitia kwenye nailoni, ila hulinunui.

Niliziona picha hizo kwenye simu nikiwa Dar es Salaam, wakati Kariakoo imefurika kama siku zote. Nikacheka, nisiwafiche. Wiki moja baadaye zikaja picha nyingine, safari hii kutoka Ufaransa, shelfu za vitabu zimezungushiwa utepe kama mahali palipotokea ajali. Hapo kicheko kikakata. Ukiwa mtu wa kusoma, kuona riwaya imewekwa kundi moja na vitu visivyo na maana hadi amri itoke, inakugusa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kwenye kisa hiki, kwa sababu naona tulikisoma vibaya. Wengi wetu tulikielewa kama kisa cha watu walioshiba wanaolilia kununua nguo huku wenzao wanakufa hospitalini. Ukifuata tarehe moja baada ya nyingine, unakuta hasira ile ilikuwa na sababu nyingine kabisa. Na cha ajabu, amri zilizowakasirisha watu zilizaliwa na jambo jema: watu walidai haki.

Tuanze na Wales.

Nchi hiyo ina watu kama milioni 3.1, ni sehemu ya Uingereza lakini ina bunge lake, Senedd, na serikali yake yenye mamlaka juu ya afya. Kiongozi wake wakati huo alikuwa Mark Drakeford. Cheo chake tungekiita Waziri Kiongozi, kama kile walichokuwa nacho Zanzibar hadi 2010. Tarehe 19 Oktoba 2020 alitangaza kwamba kuanzia Ijumaa ya tarehe 23, saa 12 jioni, hadi tarehe 9 Novemba, watu wabaki majumbani. Mpango huo waliupa jina la ule ukanda wa ardhi unaofyekwa porini ili moto usivuke. Mkulima yeyote wa kwetu anauelewa. Unaumia kidogo leo, unakata miti yako mwenyewe, ili kesho usiunguliwe na shamba zima.

Hadi hapo watu wengi walikubali. Wagonjwa walikuwa wanaongezeka, hospitali zinajaa, na baridi inakuja. Maduka ya chakula na dawa yabaki wazi, maduka mengine yafungwe. Sawa.

Kisha likaja swali. Mbunge wa upinzani, Russell George wa chama cha Conservative, akauliza: hivi ni haki kumfungia mwenye duka dogo la nguo au la vifaa vya ujenzi, halafu supamaketi kubwa hapo jirani iendelee kuuza nguo hizo hizo na vifaa hivyo hivyo? Swali zuri. Mama aliyewekeza akiba yake kwenye kaduka ka nguo analipa pango, ameambiwa afunge, na wateja wake anawaona wanatoka supamaketi na mifuko. Nani asingelalamika?

Serikali ililisikia lalamiko, ikakubali kwamba kuna dhuluma. Dawa iliyoiandika ndiyo ilikuwa ya kushangaza. Kulikuwa na njia mbili za kumsawazisha mdogo na mkubwa. Ya kwanza, kumruhusu mdogo naye auze kwa masharti, labda mteja mmoja mmoja mlangoni. Ya pili, kumzuia mkubwa. Serikali ikachagua ya pili: supamaketi ziuze vya lazima tu, vingine vifunikwe.

Kwa nia, ilikuwa haki. Kwa matokeo, mwenye duka dogo hakupata hata senti moja zaidi. Alibaki amefunga vilevile. Kilichoongezeka ni kwamba sasa na mteja naye amekosa. Wenye kufaidika walikuwa wale wasio na duka kabisa, wauzaji wa mtandaoni, ambao maghala yao hayakufunikwa nailoni na mtu yeyote.

Ndani ya siku chache ombi lililopelekwa kwa Senedd likitaka zuio hilo liondolewe lilikusanya saini zaidi ya 67,000, na likawa kubwa kuliko ombi lolote ambalo bunge hilo lilikuwa limewahi kupokea. Mjini Bangor, kaskazini mwa nchi, jamaa mmoja aliingia supamaketi akaanza kuzichana zile nailoni kwa mikono, huku akipigwa video. Akakamatwa. Video ikazunguka dunia.

Siku ya Jumatatu likazuka la taulo za kike. Mteja mmoja alilalamika mtandaoni kwamba amezikuta zimefungiwa, na supamaketi yenyewe ikamjibu kuwa imeambiwa na serikali isiuze. Moto ukawaka. Serikali ikakana, ikasema hizo ni bidhaa za lazima bila ubishi. Ikaja kubainika kwamba sehemu ile ya duka ilikuwa imezibwa kwa sababu nyingine kabisa: palivunjwa, polisi wanachunguza. Aliyemjibu mteja alikosea, kampuni ikaomba radhi.

Wapo waliosema, mnaona, ilikuwa uzushi tu. Mimi naona kosa hilo linafundisha kuliko amri yenyewe. Jiulize kwa nini yule mjibuji aliamini kwamba serikali inaweza kupiga marufuku taulo za kike. Aliamini kwa sababu orodha ilikuwa imeshafikia mahali ambapo lolote lilikuwa linawezekana. Ukishaanza kupita kwenye shelfu ukionyesha kidole, hiki ndiyo, hiki hapana, mtu wa kawaida hana tena njia ya kukisia kidole kitasimama wapi. Sheria ambayo raia hawezi kuikisia ni sheria iliyokwisha kupoteza nusu ya nguvu zake.

Tarehe 27 Oktoba serikali ikatoa maelezo mapya. Zuio lilibaki, lakini wauzaji wakaruhusiwa kutumia busara pale mteja anapokuwa na shida ya kweli. Yaani sasa kijana wa kaunta, mwenye mshahara mdogo na barakoa usoni, ndiye amekuwa hakimu. Mama anaeleza mbele ya foleni kwamba mtoto wake hana nguo za kulalia, naye apime kama shida hiyo ni ya kweli. Hebu jiweke mahali pa huyo mama. Kisha jiweke mahali pa huyo kijana.

Sasa tuvuke bahari twende Ufaransa, maana wiki hiyo hiyo kisa kilekile kilikuwa kinaanza upya, ila badala ya birika kulikuwa na kitabu.

Ufaransa ilifungwa mara ya pili tarehe 30 Oktoba 2020. Kutoka nje kulihitaji karatasi inayoeleza sababu, na faini ya kukutwa bila sababu ilikuwa yuro 135. Maduka ya vitabu yalikuwa kwenye kundi la kufungwa. Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana Wafaransa na vitabu vyao wana historia.

Mwaka 1981, chini ya waziri wa utamaduni Jack Lang, bunge lao lilipitisha sheria kwamba bei ya kitabu kipya anaipanga mchapishaji, na ni bei hiyohiyo kila mahali. Supamaketi haiwezi kushusha zaidi ya asilimia 5. Maana yake duka dogo la mtaani, lenye muuzaji anayevisoma vitabu anavyoviuza, haliwezi kuuawa kwa punguzo la bei. Ndiyo sababu nchi hiyo ina maelfu ya maduka huru ya vitabu hadi leo. Kwa hiyo serikali ilipoyafunga, ilikuwa inafunga kitu ambacho sheria yake yenyewe ilikuwa imekilinda kwa karibu miaka 40.

Jambo jingine wengi walilisahau. Machi 2020, katika kufungwa kwa kwanza, waziri wa uchumi Bruno Le Maire alipendekeza mwenyewe kwamba maduka ya vitabu huenda yangefunguliwa. Waliokataa ni wauza vitabu! Chama chao kilisema hapana, hatutawaweka wafanyakazi wetu na wasomaji wetu hatarini. Wakati ule hawakuwa na barakoa wala hawakujua kirusi kinaenea vipi. Kufikia Oktoba walikuwa wameshajipanga: vitakasa mikono mlangoni, idadi ya wateja imehesabiwa, barakoa kwa kila mtu. Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema wale walikuwa wafanyabiashara wabishi tu, mkumbushe Machi. Walikubali kufunga pale walipoelewa sababu. Novemba hawakuielewa.

Na hawakuielewa kwa sababu hiyohiyo ya Wales. Duka la vitabu limefungwa, lakini supamaketi inauza riwaya karibu na nyanya, na maduka makubwa ya elektroniki yenye sehemu ya vitabu yako wazi. Wauza vitabu wakapiga kelele kwamba hii si haki. Walitaka kufunguliwa. Serikali ikajibu kwa kufunga shelfu za vitabu kwa wakubwa. Jumapili ya tarehe 1 Novemba, Waziri Mkuu Jean Castex akaenda kwenye televisheni kutangaza kwamba utaratibu huo utapanuliwa: kila kisicho cha lazima kifungwe kwenye supamaketi zote. Sabuni iuzwe, vipodozi vya urembo vifunikwe. Wauza vitabu walikuwa wameomba mkate, wakapewa habari kwamba jirani naye amenyang'anywa wake.

Wapo mameya walioasi, wakatoa amri zao za kufungua maduka ya miji yao. Ile ya Perpignan ilisimamishwa na mahakama. Ombi la kutetea maduka ya vitabu likapata saini zaidi ya 100,000. Kesi ikafika Baraza la Taifa, mahakama yao ya juu katika mambo ya utawala, na tarehe 13 Novemba baraza likakataa kuyafungua. Hali ya hospitali ilikuwa mbaya kweli, na majaji walilipima hilo. Serikali nayo haikukaa kimya tu: ilikubali kubeba gharama za posta ili duka dogo liweze kumtumia msomaji kitabu nyumbani bila kuumia.

Kilichonigusa zaidi kilitoka kwa waandishi wenyewe. Tuzo ya Goncourt, inayotolewa tangu 1903, ilikuwa itangazwe tarehe 10 Novemba. Hundi yake ni ya yuro 10 tu, lakini mshindi huuza nakala mamia ya maelfu, na nyingi huuzwa dukani kuelekea Krismasi. Wanachama wa Goncourt wakasema: hatutangazi mshindi wakati maduka ya vitabu yamefungwa. Kumtangaza wakati huo kungekuwa kuwapelekea wateja wauzaji wa mtandaoni. Wakaahirisha. Maduka yalifunguliwa tarehe 28 Novemba, na tarehe 30 tuzo ikatangazwa, kwa njia ya video badala ya mgahawani kama desturi. Akashinda Hervé Le Tellier kwa riwaya yake L'Anomalie.

Miongoni mwa waliofika fainali mwaka ule alikuwepo Djaïli Amadou Amal, mwanamke kutoka kaskazini mwa Kameruni, na siku mbili baadaye riwaya yake ikapewa tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari. Riwaya hiyo inaitwa Les Impatientes, yaani wanawake waliochoka kuvumilia. Inasimulia wake na mabinti wanaoambiwa kila siku neno moja, subira, subira, na wanaoliambia neno hilo huwa ni wale wanaofaidika na subira yao. Sisemi kwamba kukosa kitabu wiki nne ni sawa na kuozwa kwa nguvu. Ila napenda kwamba katika msimu ule, kati ya vitabu vilivyokuwa vimekaa nyuma ya utepe vikihesabiwa si vya lazima, kimojawapo kilikuwa hicho.

Mtu wa Afrika Mashariki anayesoma haya asidhani ni mambo ya Wazungu tu. Kampala walianza mapema zaidi. Machi 2020 Rais Museveni alitangaza kwamba sokoni wabaki wauza chakula peke yao, na wakalala humohumo sokoni usiku. Muuza nyanya akabaki, jirani yake muuza nguo akarudi nyumbani. Ule msongamano wa maduka madogo ya ghorofani katikati ya mji, yanayoitwa akedi, ulikaa kufuli hadi tarehe 27 Julai, muda mrefu baada ya supamaketi na maduka mengine kufunguliwa. Wenye maduka waliandamana, wakalia na pango. Malalamiko yao ukiyaweka pembeni ya yale ya Wales, unabadilisha majina tu.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe.

Kwa Kiswahili tunasema "bidhaa muhimu", na tukilisema tunaona kana kwamba umuhimu umo ndani ya bidhaa, kama chumvi ilivyo ndani ya mchuzi. Unga ni muhimu, birika si muhimu. Lakini tunalo neno jingine, "hitaji", na hilo lina tabia tofauti. Hitaji lazima liwe na mwenyewe. Huwezi kusema unga ni hitaji ukaishia hapo, mtu atakuuliza: la nani? Birika si hitaji la mwenye mabirika mawili. Ni hitaji la bibi wa miaka 80 anayeishi peke yake, birika lake limeungua jana, na nje kuna baridi. Kitabu si hitaji la mwenye shelfu imejaa. Ni hitaji la kijana aliyefungiwa chumba kimoja mwezi mzima, anayeanza kuongea na ukuta.

Ofisi inaweza kuandika orodha ya vilivyo muhimu. Orodha ya mahitaji haiwezi, kwa sababu ingelazimika kumjua kila mtu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na serikali hailali kwenye vitanda vyetu. Wales waliligundua hilo ndani ya siku nne, ndiyo maana wakaishia kumtwika mzigo kijana wa kaunta.

Je, serikali zilipaswa kufanya nini, kuacha watu wafe? Hapana. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na makaburi ni ya kweli. Kupunguza watu madukani kulikuwa na mantiki, na karibu kila mtu aliielewa: kaa mbali na wengine, ingia haraka, toka haraka. Hiyo ni kanuni inayohusu mwili wa mtu na hewa anayopumua. Raia anaweza kuikisia, hata mahali ambapo hakuna tangazo. Lakini mteja akiwa ameshaingia dukani, ameshapanga foleni, ameshavuta hewa ile, kirusi hakijui kama mkononi ana majani ya chai au birika. Kufikia hapo amri ilikuwa imeshaacha kuzungumzia ugonjwa. Ilikuwa inasuluhisha ugomvi wa wafanyabiashara kwa gharama ya mteja, huku ikiwa bado imevaa koti la daktari. Watu waliliona hilo koti. Ndiyo hasira yenyewe.

Na hasara yake haikuishia kwenye birika. Amri ya afya inategemea mtu aitii akiwa peke yake, usiku, bila polisi. Kila nailoni iliyoonekana ya kipuuzi ilikula kidogo kwenye akiba hiyo ya imani, na akiba hiyo ilikuwa inahitajika sana, kwa sababu baridi ya 2020 kuingia 2021 ilikuwa bado mbele. Wales zuio lilirudi Desemba, na supamaketi hazikuruhusiwa kuuza vyote tena hadi Machi 2021.

Ufaransa, mwishoni mwa Februari 2021, serikali iliyaingiza maduka ya vitabu na ya muziki kwenye orodha ya biashara za lazima. Wapenzi wa vitabu tulishangilia, na mimi nikiwemo. Mwezi uliofuata, mikoa kadhaa ilipofungwa tena, maduka ya vitabu yalibaki wazi. Pamoja nao safari hii wakaruhusiwa vinyozi, wauza maua, mafundi viatu na wauza chokoleti, Pasaka ikikaribia. Muuza nguo alibaki nje. Muuza vitu vya watoto vya kuchezea alibaki nje.

Hapo ndipo furaha yangu inapopungua. Tuliokuwa tunapigania kitabu tulishinda kwa kuingia ndani ya orodha, kisha tukafunga mlango nyuma yetu. Hatukuuliza tena nani anaandika orodha, na kwa kipimo gani. Siku ikija nyingine, na itakuja, tutaanza tena palepale: kila mmoja akibisha hodi na bidhaa yake mkononi, akieleza kwa nini yeye ni muhimu kuliko jirani.